Futi Moja Kutoka Ardhini

Msumeno umeshafika katikati ya shina. Unga wa mti, mweupe na wenye unyevu, unamwagika juu ya majani makavu, na kijana anayekata anabadilisha mkono bila kuinua kichwa. Mti wenyewe ni kahawa ya robusta. Umepita miaka ishirini, na kwenye ncha za matawi bado kuna punje chache nyekundu. Mama mwenye kibanja, kipande hiki cha shamba, amesimama kando ya mgomba. Mti unapolala chini, anageuza uso.

Anajua kwamba ni lazima. Bwana shamba amemweleza, majirani wamekwishafanya, na kila msimu amekuwa akianika kiboko, yaani kahawa inayokaushwa na ganda lake, kidogo kuliko msimu uliotangulia. Ni yeye aliyemlipa kijana wa msumeno.

Bado unauma.

Picha hii huonekana kila mwaka vibanjani Masaka, Mukono na Luweero, hapa Uganda, msimu mkubwa wa kuchuma ukishaisha. Ingepita kama zinavyopita nyingine, kama si maneno fulani yanayosemwa sana kwenye matanga yetu. Mjane amekaa mkekani. Mpendwa mmoja anainama, anamshika mkono, anamwambia kwa upole: "Mama, usilie sana. Mungu anakupogoa ili uzae zaidi."

Maneno hayo yamenikaa kooni kwa wiki kadhaa. Anayeyasema ana upendo, tena ameyatoa kwenye Biblia. Lakini kuna kitu ndani yake hakikai sawa, na imenichukua muda kukiona.

Jinsi mti unavyokatwa

Tuanze na kazi yenyewe, maana mfano wa mkulima humfungukia zaidi aliyeusogelea mti.

Robusta ikipandwa kwa nafasi ya futi kumi kwa kumi, ekari moja huingia miti kama 450. Baada ya miaka saba, minane au tisa ya kuzaa, mashina huchoka. Matawi ya chini hukauka, punje huhamia juu kabisa mahali ambapo mkono haufiki, na mti hula mbolea yako kwa ajili ya kutunza ukuni. Ndipo shina linapokatwa futi moja kutoka ardhini, yaani sentimita 30 hivi. Linakatwa kwa msumeno mkali. Panga hupasua, na ufa wake hushuka ndani ya kisiki. Mkato huwekwa mshazari ili mvua iteremke, kwa sababu ukiwa bapa maji hutuama juu yake na kisiki huanza kuoza kutokea kichwani.

Kisha kuna jambo ambalo mgeni shambani halioni. Mti wenye mashina kadhaa haunyang'anywi yote kwa siku moja. Huachwa shina moja limesimama na majani yake, liendelee kulisha mizizi mpaka vichipukizi vipya vipate nguvu. Hilo ndilo shina la kupumulia, nalo hukatwa baadaye. Na shamba zima halikatwi kwa mwaka mmoja. Mkulima hukata theluthi, akasubiri, akakata theluthi nyingine, kwa sababu mti uliokatwa hautampa chochote kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na watoto wanahitaji ada ya shule katika miaka hiyo pia.

Sitaki kila kitu cha shambani kiwe fumbo. Ila hili la shina la kupumulia nimeliona mara nyingi mno katika maisha ya waumini nisiweze kulipita. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu, pamoja na jaribu, hufanya na mlango wa kutokea ili waweze kustahimili. Mtu aliyepoteza kazi, afya na marafiki kwa mwaka mmoja, ukikaa naye, utakuta kuna kitu kimoja kilichobaki na majani: zaburi moja anayoikumbuka tangu utoto, jirani anayegonga mlango kila Jumatano, mtoto anayedai chakula kiombewe kabla ya kuliwa. Kwa macho ya watu ni kidogo.

Kwa miezi ile, hicho ndicho kinacholisha mizizi yote. Kosa linalofanyika hapa ni kumdai mtu huyo aendelee na kila alichokuwa akikifanya: mikesha, kwaya, kamati, kufunga. Akishindwa anahesabu kwamba imani imekufa, na anaacha hata ile zaburi moja. Kiongozi wa kiroho mwenye busara humuuliza kwanza ni nini bado kina majani, kisha humwambia ashike hicho.

Hulisafisha

Fungua Yohana 15:2 katika Biblia ile ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekua nayo. "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Sisi husema *hulipogoa* tunapoukumbuka mstari huu kwa kichwa. Kitabu kinasema *hulisafisha*.

Mstari unaofuata ndio ulionisimamisha: "Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia."

Hulisafisha, safi. Katika Kigiriki pia maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja, na watafsiri wetu waliulinda ukoo huo hata msomaji wa kawaida anaona kamba ikipita kutoka mstari wa 2 kwenda wa 3. Chombo alichokitaja Yesu mwenyewe, usiku ule wa mwisho akiwa na wanafunzi wake, ni neno lake. Hakutaja msiba, wala umaskini, wala ugonjwa.

Je, basi mazingira ya maisha hayana kazi? Yana kazi, na Musa anaieleza vizuri katika Kumbukumbu la Torati 8. Miaka arobaini ya jangwani ilikuwa ya kuyadhihirisha yaliyomo moyoni, na njaa ililetwa pamoja na mana, ili watu wajue kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Njaa ilifungua nafasi. Kilichoingia katika nafasi hiyo ndicho kilichoamua mambo. Kizazi kizima kilipita mchanga ule ule, kikala mana ile ile. Yoshua na Kalebu walitoka humo wakiwa watu wa namna moja, na wenzao wengi wakabaki kunung'unika mpaka wakazikwa njiani. Kama jangwa lenyewe lingekuza imani, wote wangekua.

Tunaliona hapa kwetu pia. Watu wawili wanapoteza akiba zao katika sako ile ile, chama cha akiba na mikopo. Mmoja, baada ya miaka miwili, mkono wake umekuwa mwepesi kuwapa wengine. Mwingine hamwamini tena mtu yeyote, hata mkewe. Hasara ilikuwa moja.

Mnyauko si mkulima

Mwaka 1993 ugonjwa mpya ulionekana katika kahawa za Bundibugyo. Majani yaligeuka manjano, yakajikunja, yakaanguka. Punje zilionekana kuiva kabla ya wakati wake na kubaki zimeng'ang'ania tawi lililokufa. Ukikwangua gome karibu na ardhi, mti wa ndani ulikuwa na rangi ya bluu inayoelekea weusi. Ni mnyauko, kuvu anayekaa udongoni na kuingia kwenye mti kupitia jeraha, kisha akaziba mishipa inayopandisha maji. Katika miaka iliyofuata ulienea kutoka wilaya hadi wilaya na kumaliza mamilioni ya miti ya robusta. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza, kule Mukono, walihangaika kwa miaka mingi mpaka wakapata miche inayouhimili, ile ambayo wakulima wanaijua kwa herufi KR.

Mti wenye mnyauko haukatwi futi moja ukangojewa uchipue. Hung'olewa pamoja na mizizi na kuchomwa pale pale uliposimama, bila kuburutwa katikati ya miti mizima. Na msumeno uliougusa hupitishwa motoni kabla ya kwenda kwenye mti mwingine.

Ukisimama barabarani, mti uliopogolewa na mti wa mnyauko vinafanana. Vyote viko uchi. Lakini hakuna mkulima wa Bundibugyo aliyeuita mnyauko kazi ya mkulima.

Hapa ndipo nilipoelewa kinachonikaba katika maneno yale ya matangani. Yanamkabidhi Mungu kila msumeno unaoonekana. Mume wa yule mjane aligongwa na dereva mlevi. Mwanamke mwingine anapigwa nyumbani kwake, anaenda kwa wazee wa kanisa, wanamwambia avumilie kwa kuwa Mungu anamnoa. Anarudi nyumbani, na yule mwivi anayempiga anaendelea na kazi yake, safari hii akiwa amebarikiwa na Maandiko yetu. Yesu alisema mwivi haji ila aibe na kuchinja na kuharibu. Alipoulizwa juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, aliikataa hesabu hiyo. Alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Na Yakobo, yule yule anayetuambia tuhesabu majaribu kuwa furaha tupu, mistari michache baadaye anasema mtu ajaribiwapo asiseme, "Ninajaribiwa na Mungu."

Kuna anayeuliza: na Warumi 8:28 je? Usome taratibu. Unasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi. Hausemi kwamba mambo yote ni kazi ya Mungu. Yusufu aliijua tofauti hiyo alipowaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya, na Mungu akayakusudia kuwa mema. Tendo lilikuwa moja, makusudi mawili, na ubaya wa ndugu zake aliuita ubaya mbele ya macho yao. Kisha mstari wa 29 unaeleza mema yenyewe ni yapi: kufananishwa na mfano wa Mwana wake. Kwa hiyo anayemwahidi mjane kwamba mema hayo ni nyumba kubwa zaidi au mume mwingine, hayo ameyatoa kwingine.

Na neno moja kwa wachungaji na wazee. Jeraha la msumeno halali, lililokatwa kwa sababu nzuri, linaweza kuingiza ugonjwa kama msumeno ni mchafu. Kumkemea mshirika aliyekosa ni kazi inayotakiwa. Kumkemea ukiwa bado umemkasirikia kwa mambo yenu ya uchaguzi wa kamati ni kumtia kidonda kisichofunga.

Machipukizi ishirini

Sasa tumefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, karibu kila kitu huamuliwa, na ambapo mahubiri yetu hayafiki.

Wiki kadhaa baada ya kukatwa, kisiki kilichoonekana kimekufa huanza kutoa vinundu vya kijani chini ya gome. Halafu vinapasuka kwa wingi. Kisiki kimoja kinaweza kutoa vichipukizi kumi, kumi na tano, ishirini, vikizunguka pande zote. Asiyejua hufurahi na kuviacha. Mwaka unaofuata ana kichaka: vijiti vyembamba virefu vikigombania jua, hakuna kilichonenepa, punje hamna. Amepoteza miaka miwili ya mavuno na hana alichopata.

Kwa hiyo mkulima huchagua. Anaacha viwili au vitatu, vile vyenye afya vilivyoota chini kidogo ya mkato, vimeachana, vimeshikamana vizuri na kisiki. Vilivyoota ukingoni kabisa mwa mkato huvunjika kwa upepo au kwa uzito wa mazao, hata kama vilikuwa vya kwanza kurefuka. Vingine vyote huondolewa vikiwa vichanga, kwa kidole gumba. Na baada ya mwezi au miwili lazima arudi, maana vitaota tena.

Mwandishi wa Waebrania anasema adhabu haionekani kuwa kitu cha furaha wakati wake, lakini baadaye huwaletea matunda ya haki yenye amani wale "waliozoezwa nayo". Hasemi wote waliopitia. Kisha, mistari minne baadaye, anaonya: angalieni "shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua". Linachipuka kutoka kwenye kisiki kile kile, kwa mvua ile ile.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka mpaka kwa miguu kuingia Rwanda mwezi Februari 1977, akikimbia utawala wa Idi Amin. Alikuwa mhubiri aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, mtu wa uamsho tangu ujanani. Na baadaye alikiri hadharani kwamba ndani yake, huko uhamishoni, chuki juu ya Amin ilikuwa imeota, na kwamba ilimlazimu atubu na kumsamehe. Ninachojifunza kwake ni kwamba alikiona kingali kichanga. Kingeachwa miaka mitano kingekuwa na sababu zote za haki za kuendelea kukua.

Uchungu ni rahisi kuutambua. Vigumu ni vichipukizi vyenye sura nzuri. Mtu aliyefiwa anaweka nadhiri ya kufunga siku arobaini kila mwaka. Anajiunga na kwaya, na kikundi cha maombezi, na anataka kuanzisha huduma ya yatima. Anaanza kumshauri kila mwenye msiba. Vyote ni vya kijani. Vingine ni kukimbia ukimya wa nyumba jioni. Hata vile vya kweli havitoshei wote kwenye mizizi iliyojeruhiwa, na mkulima huondoa vichipukizi vizima, visivyo na kasoro yoyote, kwa ajili ya vile viwili.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningemshauri aliyekatwa karibuni. Wiki sita za kwanza usiweke nadhiri yoyote wala usipokee cheo chochote kanisani. Omba kwa maneno ya mtu mwingine kama yako yamekwisha: Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na Zaburi ya 88 inaishia gizani, na zote mbili ziliwekwa katika kitabu cha kuabudia. Baada ya hapo chukua karatasi, uandike kila kilichoota ndani yako tangu siku ile, bila kupamba: hasira kwa shemeji, hamu ya kusoma Isaya, kuwakwepa watu wenye furaha, huruma mpya kwa wagonjwa. Ikae siku chache. Halafu ipeleke kwa mtu mmoja asiyekuogopa, mchague pamoja viwili. Vingine vikatae mapema, kwa maombi na kwa jina lake. Rudia mwezi unaofuata.

Hiyo ya kumpelekea mtu mwingine ndiyo inayorukwa zaidi, na inasikitisha, kwa sababu nchi hii iliijua kuliko nchi nyingi. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Kampala katika miaka ya 1930 ulijengwa juu ya vikundi vidogo vya kila wiki ambamo balokole, yaani waliookoka, walikiri mioyo yao kwa majina ya dhambi zenyewe, wakaita huko kutembea nuruni. Kulikuwa na kasoro: kulazimishana, na kuhukumiana mavazi. Lakini kichipukizi cha uchungu hakikufikisha mwaka bila mtu kukiona. Leo tuna vikundi vya WhatsApp vyenye washirika mia mbili, na kila asubuhi tunatumiana "Amina".

Wasiochipuka

Limebaki swali ambalo mfano wa kahawa haulijibu.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliuawa, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini, kwao Kitgum, na kaburi lililokuwa limechimbwa Namirembe, penye kanisa kuu la Kampala, likabaki tupu. Yeye alikatwa, na hapa duniani hakupewa msimu mwingine.

Ayubu aliuona ugumu huu kabla yetu. Katika sura ya 14 anausifu mti: ukikatwa kuna matumaini, mizizi yake hata ikichakaa udongoni, "kwa harufu ya maji utachipuka". Kisha anageuka: lakini mwanadamu hufa. Anaacha sentensi pale, wazi, kama kaburi lile.

Kwa hiyo sithubutu kusema kila dhiki ina mavuno yatakayoonekana na aliyeipata. Jibu la Wakristo ni asubuhi ya Pasaka, na Pasaka haikuwa kuchipuka. Yesu aliongea juu ya chembe ya ngano inayoanguka na kufa, ambayo ni kilimo cha namna nyingine kabisa. Watu waliosimama Namirembe kando ya kaburi tupu walilijua hilo, na waliimba. Ninalishika kwa imani, na siku nyingine ninalishika kwa shida.

Samadi

Mjane bado amekaa mkekani. Umwambie nini?

Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, walipokaa naye chini bila kusema neno. Mtunza shamba katika Luka 13 aliomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mtini: "hata niupalilie, niutilie samadi." Kisiki kipya hutunzwa hivyo hivyo. Matandazo ya majani ya mgomba yakizunguka, yakiachwa mbali kidogo na shina ili lisioze, na samadi iliyoiva. Mbichi huunguza.

Basi peleka unga na sukari. Lipa ada ya muhula mmoja kama unaweza. Wageni wakishaondoka na hema kufunguliwa, weka alama kwenye kalenda, wiki ya sita, na uende tena. Wakati huo ndipo vinundu vya kijani huanza kuonekana chini ya gome, na atahitaji mtu wa kuinama naye kuvihesabu.